Honi ya Kashojwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nasukuma toroli hadi uwanja wa mpira wa Kashojwa. Ndani ya toroli mna betri ya gari, nyaya mbili na honi niliyoinunua Mbarara kwa watu wanaovunja malori chakavu. Watu wazima wanapanda baiskeli zilizobebeshwa magunia ya udongo, wananipa mgongo, wanaanza kukanyaga, nami nawapigia honi kwa nyuma. Wanaokimbilia kushoto nawaacha waendelee. Anayekimbilia kulia namwambia, "Umekufa. Rudi mwanzo."

Wengi wao wametoka Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, juzi tu, hata vumbi la safari halijawatoka, wamepewa kiwanja na sasa wanatafuta baiskeli ya kubebea mazao. Nawakubali wote. Sijawahi kumkataa mtu isipokuwa mmoja aliyekuja amelewa, na yeye nilimwambia arudi Jumamosi iliyofuata. Alirudi.

Nitaeleza jinsi jambo hili lilivyoanza, wala sitajifanya mnyenyekevu, kwa sababu unyenyekevu haukunilipia karo. Nilifika kambi hii ya Nakivale, Uganda, nikiwa na miaka tisa, nimeshika mkono wa mjomba. Nilikua hapa hapa Kashojwa. Nilisukuma baiskeli za watu zilizojaa mkaa hadi mabega yakakomaa kabla ya ndevu. Kisha nikaenda Nairobi, nikaosha magari mchana na kusoma jioni, na baada ya miaka ambayo sipendi kuikumbuka nikapata stashahada ya ufundi wa mitambo. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitoka Nakivale nimekalia mzigo wa mtu mwingine nyuma ya gari. Nilirudi na masanduku matatu ya zana zangu mwenyewe. Wenzangu wa Nairobi waliniuliza ninarudia nini kambini. Niliwaambia kwamba Nairobi ina mafundi wa kutosha wa kutengeneza magari ya matajiri.

Nilijenga karakana ya mabati karibu na njia ya kwenda Base Camp, zilipo ofisi za kambi. Stashahada nimeiweka kwenye fremu ya kioo, nikaitundika mkabala wa mlango, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Sikukosea kipimo.

Kitu cha kwanza nilichokiona niliporudi ni kwamba baiskeli za mizigo hazikuwa na breki. Wenyewe walizing'oa, wakisema zinakula rimu. Mtu anateremka kilima na matenga mawili ya nyanya mgongoni mwa baiskeli, na akitaka kusimama anakandamiza gurudumu la mbele kwa kandambili ya tairi. Na kila miezi michache tulikuwa tunazika mtu aliyegongwa kwenye barabara ya lami iendayo Mbarara. Mimi nikajumlisha: hakuna breki, kwa hiyo kuna vifo. Ilikuwa hesabu nyepesi kwa mtu wa elimu yangu. Nikafunga breki mwaka mzima. Jumapili moja nikaomba nafasi kwa mchungaji, nikasimama mbele ya kanisa letu, nikasema kwamba mtu mwenye breki zangu hatakufa barabarani. Nilisema kwa sauti. Nayaandika maneno hayo hapa kwa sababu waliokuwepo wanayakumbuka, na sitaki waseme nimeyaruka.

Wakati huo dada yangu alikuwa amefika. Ni mkubwa wangu. Tulipokimbia utotoni tulitengana, yeye akabaki Kivu ya Kusini, Kongo, akakua, akaolewa huko, na vita vikamfuata huko huko. Alikuja na mume na watoto wanne. Hata nikivaa tai ananiita mudogo wangu. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mtu wa baiskeli tangu ujana. Miaka ishirini alibeba mihogo na mawese katika bonde la Ruzizi juu ya kinga, ndivyo watu wa kwetu wanavyoiita baiskeli.

"Miye na kinga tunajuana kuliko miye na mama ya batoto," alizoea kusema, dada akiwa pale pale.

"Basi ikupikie," dada alimjibu.

Shemeji alianza kupeleka nyanya Mbarara pamoja na jirani yetu, shemasi wa kanisa, aliyekuja naye katika msafara mmoja. Nilizifunga breki baiskeli zote mbili siku moja. Shemasi alizijaribu kwa kuzunguka karakana mara tatu, akacheka kama amepewa zawadi ya harusi.

Kisha alfajiri moja walitoka pamoja, na mchana shemeji akarudi juu ya pikipiki ya kukodi, peke yake. Lori lilikuwa limemgonga shemasi pale mnapoingia mjini. Alikufa hapo hapo.

Nilikwenda Mbarara kusaidia kuleta mwili. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa kituo cha polisi, imepinda kama utambi. Kabla sijauliza habari za hospitali, kabla sijauliza lolote, nilichuchumaa nikabana breki. Ya mbele ilishika. Ya nyuma ilishika. Nilifarijika, na faraja ile inanichoma hadi leo.

Ajali ilitokea mbele ya duka la vipuri vya baiskeli ambako mimi hununua bidhaa zangu. Mwenye duka ni Haji, mzee wa Mbarara, mtu wa maneno mengi na chai tamu. Alinipa kiti.

"Breki zilikuwa nzima, Haji," nilimwambia.

"Breki, breki. Sebo, bwana, hiyo dipuloma yako waliandika breki peke yake?" Alinisogezea kikombe. "Mimi nakaa hapa miaka mingi. Hii si mutu ya kwanza. Munyankore ya hapa, gari ikilia nyuma yake, anatupa baisikeli kwa majani. Nyinyi watu ya Kongo munaingia katikati. Kwa nini munapenda katikati?"

Niliweka kikombe chini.

"Ule mzee alikuwa kando kabisa," Haji aliendelea, sauti imeshuka. "Lori ilikuwa na nafasi yake. Ilipolia tu, akaingia mbele yake. Kama mutu anaitwa."

Nilirudi Nakivale nikiwa nimekaa kando ya jeneza nyuma ya gari, na tulipoiacha lami jibu likanijia, na lilikuwa jepesi kuliko hesabu yangu ya breki. Kwetu Kongo magari hupita upande wa kulia. Ukingo wa barabara, majani, usalama, vyote viko kulia. Mtu aliyeendesha huko miaka ishirini, honi ikilia nyuma yake, mwili wake unakwenda kulia kabla hajafikiri. Akija Uganda anajifunza upesi kupita kushoto, kwa sababu anawaona wenzake wote wako kushoto. Anapita vizuri mwezi mzima, mwaka mzima. Lakini siku lori linapomshtua, anakimbilia usalama wa nyumbani kwao, na hapa upande huo ndio lilipo lori. Mimi sikuliona kwa sababu nilijifunza baiskeli nikiwa mtoto hapa hapa. Halikuwa mwilini mwangu. Na chuoni halikufundishwa.

Sisemi kosa lilikuwa la marehemu. Dereva alikuwa na haraka, na pale lami imeliwa pembeni hadi mwenye baiskeli hana mahali pa kwenda. Madereva siwezi kuwaita uwanjani. Barabara siwezi kuipanua. Niliamua kushika kile ambacho mikono yangu ingefika.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kwa dada. Baiskeli ya shemeji ilikuwa imesimama uani bila gurudumu la mbele, uma wake umechomekwa ardhini.

"Gurudumu liko wapi?" nikauliza.

"Linapumuzika," dada alisema. Alikuwa amelichomoa mwenyewe, akalifunga kwenye kitenge na kulisukuma chini ya kitanda chake.

"Na tutakula nini?" shemeji aliuliza kutoka ndani. "Nyanya zinaozea shambani."

"Tutakula kidogo." Kisha akanigeukia mimi. "Mudogo wangu, ulisimama mu kanisa mbele ya batu bote. Freni za shemasi zilikuwa zako?"

"Zilikuwa zangu."

"Basi usiniletee tena habari ya freni."

Nikamweleza maneno ya Haji, na kile nilichokifikiri ndani ya gari. Shemeji akatoka nje, akasimama kwenye kizingiti.

"Ni kweli," alisema. "Miye pia nilienda kuume. Kamyo ilipolia, miye pia nilikata kuume. Ilikuwa imekwisha kunipita, inaenda kwa mwenzangu. Ndiyo sababu niko hapa."

Hakuwa amemwambia mtu. Dada alikaa chini kwenye jiwe la kufulia. Alipoinuka hakuwa amelia. Alikuwa amekwisha kuamua.

"Gurudumu nitalirudisha siku nitaona na macho yangu kamyo inalia na yeye anaenda kushoto," alisema. "Mara kumi zenye kufuatana."

"Kamyo tutaitoa fasi gani?" shemeji akauliza.

"Huyu iko na diplome. Atafute."

Nilianza kwa njia niliyoijua. Niliazima ubao wa shule ya Jumapili, nikachora barabara kwa chaki, nikachora lori na baiskeli kwa vipimo sahihi, nikawaita wabebaji wote wa Kashojwa. Nilifundisha vizuri, sijui kufundisha vibaya. Nilipouliza honi ikilia utakwenda wapi, wote walijibu kushoto kwa pamoja kama kwaya. Kesho yake nikawapeleka uwanjani, nikachora ukingo wa barabara kwa majivu, nikakimbia nyuma ya shemeji aliyekuwa juu ya baiskeli ya kuazima, nikapiga kelele za lori kwa mdomo wangu. Aligeuka akanitazama kwa huruma. Hakuna mtu anayemwogopa mwenye stashahada anayelia kama gari.

Ndipo nikaenda Mbarara kutafuta honi. Haji alinisindikiza mwenyewe hadi kwa wavunja malori, tukazijaribu moja moja hadi tukapata iliyomfanya Haji ashike kofia yake. "Hii," alisema.

Siku ya kwanza nilipoipiga, kuku waliruka, mbuzi wakakata kamba, na shemeji akakata kulia moja kwa moja, akaanguka katikati ya uwanja na gunia lake la udongo.

"Umekufa, shemeji," nilimwambia.

"Ninajua."

"Kushoto ni wapi?"

Alinyoosha mkono wa kushoto bila kusita, angali amelala chini. "Kichwa kinajua, fundi. Ni hizi ndizo hazijui." Akajipiga mapaja.

Wazee waliokuwa wakicheza karata kwenye kivuli cha goli walipata burudani ya bure. "Huyu alisoma mpaka Nairobi ili aje kutisha kuku zetu," mmoja alisema. Mwingine akadakia, "Tena anawafundisha kukimbilia mkono wa chooni."

Shemeji alikuwa anajipangusa vumbi. "Heri choo kuliko kaburi, mzee," alisema.

Wiki nzima alikufa. Nilimuua asubuhi, nilimuua jioni. Lakini mimi si mtu wa kupiga honi tu na kutumaini. Nilikaa chini nikatazama miguu yake, na siku ya nane nikaona. Kabla hajageuza usukani, mguu wake wa kulia ulikuwa unatoka kwenye pedali kushuka chini. Nikamuuliza kule bondeni alikuwa akiisukumaje kinga yenye mzigo. Akanionyesha: alisimama kulia kwa kinga, mzigo uwe kati yake na magari. Miaka ishirini alipandia kulia na kushukia kulia. Hapa kwetu, kushukia kulia ni kushukia barabarani.

Basi nikafuta yote, nikaanza upya. Kwa wiki mbili nilimkataza kuendesha. Alisukuma tu, asubuhi na jioni, kutoka uwanjani hadi kanisani na kurudi, amesimama kushoto kwa baiskeli, anapandia kushoto, anashukia kushoto, hadi watoto wakaanza kumwiga. Na kwenye keria nikafunga ufito uliotokeza kulia urefu wa mkono, na kitambaa chekundu nchani. Ufito ulimzuia mguu wake kushukia upande ule, na barabarani ungemfanya dereva apite mbali, kwa maana dereva huogopa kukwaruzwa rangi ya gari lake. Leo ufito ule mnauona kwa wabebaji wengi wa upande huu. Ulianzia kwangu. Anayebisha aje karakana.

Alianza kwenda kushoto. Nikamwita dada aje kuhesabu. Alikuja na kiti chake, akatazama mara tatu, zote kushoto, akatikisa kichwa.

"Unamupigia kama kengele ya kanisa," alisema. "Anajua saa yake. Kamyo haina saa. Lete hapa."

Akachukua swichi yeye. Hakupiga. Shemeji alizunguka uwanja, akazunguka tena, akaanza kutazama nyuma, dada anachambua maharage kwenye ungo. Mke wa mchungaji akapita njiani. Shemeji akainua mkono kumsalimu, na hapo dada akabonyeza. Shemeji akakata kulia.

"Umekufa ukisalimia," dada alisema. "Moja hatujaipata."

Kwa siku nyingi zilizofuata alikuja na ungo wake. Alimpigia akiwa anajikuna, anaimba, anapokuwa amechoka na njaa. Siku moja walifika tisa. Ya kumi ikaenda kulia. Nilitaka kumwombea, nikasema tisa kati ya kumi ni alama ya juu sana, hata chuoni kwetu.

"Na ile moja, chuo yenu inazika?" dada akaniuliza. Akamgeukia mumewe. "Anza mwanzo."

Hakubishana. Alikuwa amekonda, na nyumbani walikuwa wanakula uji mara mbili kwa siku, lakini alipanda baiskeli akarudi kwenye majivu. Mimi nimewaona watu wakisomea shahada kwa bidii ndogo kuliko ile.

Mara kumi zilipofuatana kushoto, dada aliinuka. Alibeba ungo wake akaenda nyumbani, akarudi na gurudumu, bado limefungwa kwenye kitenge. "Utaenda nyuma yake siku ya kwanza," aliniambia. "Ukiona amekosea, uniambie ukweli."

Tuliondoka alfajiri, yeye mbele na matenga mawili ya nyanya, mimi nyuma na baiskeli tupu, na nakiri kwamba vilima vilinikumbusha umri wangu. Tulifika lami, tukashika kushoto. Ufito ulifanya kazi yake: magari madogo yalipita mbali, dereva mmoja wa teksi akatutukana kwa Kinyankore, nikaona ni dalili nzuri. Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi nitakavyomsimulia Haji.

Lori lilikuja karibu kabisa na mji, mahali pale pale lami ilipoliwa. Sikulisikia hadi lilipolia, na halikulia kama honi yangu. Lilijaa mgongoni, likajaa mdomoni. Sikufikiri juu ya shemeji. Nilijikuta nimo ndani ya nyasi. Lori likapita kati ya upepo na vumbi, wala halikupunguza mwendo.

Nilipoinua kichwa barabara ilikuwa tupu. Baiskeli yake haikuwepo. Sikuweza kutazama kulia. Nilibaki nimeshika nyasi.

"Fundi." Sauti ilitoka chini, kushoto.

Alikuwa ndani ya mfereji, amekaa kwenye maji machafu, baiskeli imemlalia miguuni, na nyanya zimempasukia kifuani, shingoni, kwenye nywele. Niliteremka nikamshika mikono, magoti, mbavu. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Zimekufa," alisema.

"Nini?"

"Nyanya. Zimekufa zote."

Tulikaa mferejini muda mrefu. Alicheka kidogo, kisha akaacha, kisha akasema kwamba anataka kurudi nyumbani kwa miguu. Tulisukuma mchana kutwa, sote wawili tukiwa upande wa kushoto wa baiskeli zetu, matenga matupu.

Dada alituona tangu mbali. Aliacha jembe, akasimama njiani. Aliona ule wekundu na uso wake ukabadilika, hadi alipokaribia akanusa kwamba ni nyanya. Mimi nilianza kueleza, kwa kuwa niliahidi kusema ukweli, lakini hakunisikiliza. Alimshika mumewe mabega, akamgeuza upande mmoja. Bega la kulia lilikuwa safi, isipokuwa vumbi la njia. Akamgeuza upande wa pili. Kutoka bega la kushoto hadi kiatu alikuwa tope tupu.

Alikiweka kiganja chake juu ya lile tope, akakiacha hapo.

"Keshokutwa kuna nyanya zingine," shemeji alisema.

"Zitakuwa tayari," dada alisema, akaenda kuinjika maji ya kuoga.